Gari otomatiki ya zamani inashtuka ikibadilisha gia

Wakuu habari, gari yangu ikitoka gia ya 2 kwenda ya 3 inashtuka kama imesukumwa kwa nyuma, hasa ikiwa ya baridi, ikipata moto inapungua ila haiishi. Taa ya onyo kwenye dashibodi haiwaki. Nianzie wapi?

— Mkuu usikubali giaboksi ishushwe kabla hujacheki oili yake. Gari ipate moto, injini inanguruma, gia kwenye P, chomoa stiki ya kupimia oili ya giaboksi ifute irudishe usome tena (zingine zinataka injini izimwe, angalia kitabu cha gari). Dondoshea tishu nyeupe, nyekundu safi ni poa, nyeusi yenye harufu ya kuungua hapo klachi za ndani zinaisha.

— Naongezea, ipimwe kwa mashine ya kusoma kodi (namba za hitilafu) hata kama taa haiwaki. Ikitoka kodi P0700 pekee haitoshi, inasema tu giaboksi ina shida, tafuta kodi inayoambatana nayo, mara nyingi ni solenoidi (vali ya umeme inayoongoza oili ndani ya giaboksi). Mauntingi (raba zinazoshikilia injini na giaboksi) zicheki pia.

— Asanteni, oili ni kahawia, hainuki, ila iko chini ya alama.

— Oili ya giaboksi haipungui kwa kuungua kama ya injini, ikipungua inavuja! Kagua sili za ekseli na paipu za kwenda rejeta, ziba kwanza ndo uweke oili ya aina iliyoandikwa kitabuni, sio yoyote.