Tupeane uzoefu: hapa Uingereza, nyumba ya kaunsili (ya kupanga, ya serikali ya mtaa) ikivishwa kuta za kuzuia baridi, hali huwaje?

MamaSwaumu: Salaam wapendwa. Leo nimeletewa barua. Jengo letu la mwaka 1967 litavishwa kuta kwa nje, madirisha vioo vitatu, boila ya gesi itolewe ije pampu ya joto, ile mashine ya umeme inayovuta joto la nje kupasha nyumba. Na sisi tumo humo humo ndani. Usingizi umeniruka. Mliopitia, niambieni.

Mzaramo_Leeds: Nunua plastiki za kufunikia makochi. Vumbi lake halisemeki.

BintiLamu: Dada, umenitonesha. Sisi madirisha yalizibwa barabara, lakini feni ya bafuni ya kutolea mvuke haikufungwa, na vile vitundu vya hewa juu ya dirisha hamna. Nguo za mtoto naanika juu ya redieta, lile bati la ukutani la kupasha chumba. Mtoto akawa anakohoa wiki tatu, nampa tangawizi na asali nikidhani mafua. Januari nasogeza kabati, ukuta mweusi tititi. Buibui la marehemu mama, nililolitunza miaka 11, limeota ukungu mpaka kwenye mshono. Nilikaa chini nikalia. Alipokuja mtu wa wenye nyumba akaniambia napika sana.

Abuu2: Na sisi tuliambiwa hivyo hivyo. Napika sana.

FundiKaratu: Kazi hii ninaifanya. Mvuke wa kupika, wa kuoga, hata pumzi zetu, zamani ulitokea kwenye nyufa. Ukiziba nyufa bila kuupa njia, unatafuta kona ya baridi unageuka maji. Dai feni kabla ya dirisha, na usiizime.

BiZuhura: Feni inakula umeme. Fungua dirisha dakika kumi, basi.

FundiKaratu: Bibi, kwa heshima, inakula kidogo kuliko taa za zamani.

JiraniWaMnara: Mimi naishi karibu na Grenfell, lile ghorofa refu la London lililoungua. Tarehe 14 Juni 2017 ilikuwa Ramadhani, tuko macho tunangoja daku. Moto ulianzia kwenye friji ghorofa ya 4, ukashika paneli walizovisha mwaka mmoja tu nyuma, zenye plastiki katikati, ukapanda kwa nje hadi juu. Watu 72 walikufa. Sauti zile bado nazisikia. Mama Swaumu, waulize kuta wanavisha nini. Wataje kwa maandishi.

Abuu2: Kaka, unamtia hofu mama wa watu.

JiraniWaMnara: Simtishi. Pale wakazi walilalamika kabla, hawakusikilizwa.

FundiKaratu: Ana haki. Omba pamba ya mawe, haishiki moto.

ShangaziPortsmouth: Jamani si yote mabaya. Wilmcote House huku kwetu, ghorofa 11, la 1968, walilivisha watu wakiwamo ndani. Rafiki yangu wa pale siku hizi hita haigusi.

Mzaramo_Leeds: Pampu iwashe asubuhi na jioni tu.

FundiKaratu: Hapana! Iache ikiwaka polepole mchana kutwa. Uniti moja ya umeme inakupa joto la kama tatu.

MamaSwaumu: Nimeandika yote, mkutano Jumanne. BintiLamu, mtoto anaendeleaje?

BintiLamu: Alhamdulillahi, kifua kimetulia. Buibui nimelifua kwa siki mara tatu, harufu haijatoka.