Gemu ya kuigiza ya mezani inatakiwa ipewe toleo jipya wakati gani hasa?

DaduMbovu
Wakuu habari za jioni. Tuna kigrupu chetu tunacheza Dungeons & Dragons kila Jumapili baada ya mchana, vitabu tulivyonavyo ni vya 2014, tulichanga hela tukaagiza kwa ndugu wa mmoja wetu alipokuja likizo. Sasa mwenzetu kaanza kutusumbua tuhamie vya 2024 eti ndo vya kisasa. Ukiangalia bei ya vitabu vitatu uongeze na usafiri na ushuru, mh. Ila swali langu sio hela peke yake, nataka kuelewa gemu inakuwa imefikia hali gani mpaka useme hapa panahitaji toleo jipya na sio kubandika tu kurasa mbili za marekebisho mtandaoni? Maana yetu haijaharibika, inachezeka vizuri tu. Karibuni wajuzi.

msoma_ramani
Jibu fupi ni hela mkuu. Jibu refu ni hela vilevile.

Angalia inavyokwenda, kitabu cha mchezaji kila aliyekaa mezani anakitaka, lakini kitabu cha mazimwi ya jangwani anakitaka masta (yule anayeendesha mchezo) peke yake, tena kama ana kampeni ya jangwani. Kwa hiyo miaka inavyokwenda kila kinachotoka kinauzika kidogo kuliko kilichotangulia, na njia ya kumuuzia kila mtu tena ni moja tu, anza upya. Toleo la 3 lilitoka 2000, mwaka 2003 watu rafu bado hazijapata vumbi wakaletewa 3.5. Miaka mitatu! Sijawahi kusikia mtu akinieleza kwa nini isingesubiri.

Bibi_Zimwi
@msoma_ramani hela ipo sikatai, lakini umechukua mfano mmoja mbaya ukafanya ndo sheria. Toleo la 2 la AD&D, yaani D&D ya enzi hizo, lilikaa tangu 1989 hadi 2000, na katikati hapo TSR, kampuni iliyokuwa inaichapisha, walishaishiwa pumzi, Wizards of the Coast wakawanunua 1997. Katika miaka hiyo walimwaga dunia kibao, Dark Sun, Ravenloft, Planescape, kila moja na vitabu vyake, mteja wa hii hanunui ile. Kukaa sana na toleo moja huku unazidi kurundika nako kunaua.

Sasa kwa swali la mleta mada. Mimi kipimo changu ni kimoja, naangalia watu wanacheza nini mezani ukilinganisha na kilichoandikwa kwenye kitabu. Kila meza ina visheria vyake, hiyo kawaida. Ila ukikuta meza za Marekani, za Uingereza na hiyo yenu ya Jumapili zote zimebadilisha jambo lilelile bila kuambiana, ujue kitabu kimeshapitwa na wachezaji wake. Mfano mdogo, kwa kitabu cha 2014 kunywa dawa ya kujiponya katikati ya vita kunakula tendo lako kuu la zamu, na meza nyingi zilikuwa zinamruhusu mtu anywe halafu bado apige. 2024 wakaandika hivyohivyo, unakunywa kwa kale katendo ka ziada. Na renja, yule mhusika mwindaji, wa 2014 alilalamikiwa tangu mwanzo, 2016 wakatoa renja wa majaribio, 2020 wakaleta mbadala kwenye kitabu cha nyongeza, yaani wameweka kiraka juu ya kiraka.

Halafu kuna swali la pili, je marekebisho yanakaa kwenye kurasa mbili au yanagusa kila ukurasa? Wale wa zamani mnakumbuka THAC0, ile hesabu ya kujua kama umempiga adui, deraya nzuri ndo inakuwa na namba ndogo, hadi hasi, unakaa unatoa namba hii kwenye ile ndo ujue umempiga au umemkosa. Toleo la 3 wakageuza, rusha dadu ya pande 20, jumlisha, ukifikia namba ya deraya umepiga. Ni kitu chepesi ila huwezi kukibandika kama kiraka, kwa sababu kila zimwi na kila silaha limeandikwa kwa hesabu ya zamani. Pale toleo jipya lilikuwa halali kabisa. Hili la 2024 mimi nalipatia nusu ya maksi, mengi yake yalikuwa yashaanza kuchezwa.

NaiRoller
Wasee mmesahau 2008. Ukienda na kipimo cha Bibi, toleo la 4 lilikuwa na sababu zote. Kwa 3.5 ukifika leveli za juu mchawi anasimamisha muda, anaita viumbe, anapaa, na mpiganaji bado anapiga tu panga mara kadhaa. Kila mtu alikuwa analia juu ya hiyo kitu. Wakairekebisha, kila mtu akapewa mbinu zake, mapigano yakawa na mizani. Na bado watu wakaikataa!

Kwa nini? Mi naona walibadilisha kila kitu mara moja, mpaka dunia ya Forgotten Realms wakairusha mbele karibu miaka mia, so kampeni yako ya miaka yote na wale wahusika mnaowajua inakuwa historia. Halafu leseni. 3 ilitoka na leseni ya wazi, OGL, kampuni yoyote ingetumia zile sheria, lakini ya 4 wakaleta leseni ya kubana. Paizo, wale waliokuwa wanachapisha majarida ya Dragon na Dungeon, wakachukua sheria za 3.5 kupitia ile OGL ya zamani wakatoa Pathfinder 2009. So D&D ikaanza kushindana na toleo lake yenyewe la jana. Sababu unaweza kuwa nayo na bado ukakosa, kama watu mezani hawajachoka.

Ndo maana 2012 walifungua majaribio ya wazi, watu wakacheza rasimu wakatoa maoni, na 2014 ikapokelewa poa.

DaduMbovu
Asanteni sana, hapo kwa mchawi na mpiganaji nimecheka maana yapo hadi leo kwetu. Sasa kuna gemu yoyote iliyobadilisha toleo bila kutupa vitabu vya watu?

Bibi_Zimwi
Call of Cthulhu, kaka. Imeanza 1981, imefika toleo la 7, na kisa kilichoandikwa miaka ya themanini unakicheza leo bila shida. Badiliko kubwa la toleo la 7 ni kwamba nguvu, akili na hizo sifa nyingine zimekuwa asilimia, kwa hiyo ukikuta mhusika wa zamani ana 13 unazidisha kwa 5, unapata 65, mnaendelea. Hesabu unafanya mezani hapohapo masta akiwa anatafuta miwani yake.

msoma_ramani
Ngoja niongeze sababu ambayo hamjaigusa, mawakili. Januari 2023 ilivuja kwamba Wizards wanataka kubadilisha ile OGL, mtandao ukawaka moto, mwisho wakarudi nyuma na kuziachia sheria za msingi za toleo la 5, hilo la 2014, kwa Creative Commons, leseni inayoruhusu yeyote kuzitumia bure. Lakini Paizo walikuwa washashtuka, mwaka huohuo wakaanza kuichapa Pathfinder 2 upya ili watoke kabisa kwenye OGL, wakaondoa ile mambo ya wema na uovu wa mhusika, wakaondoa makundi ya uchawi, mazimwi mengine yakapewa majina mapya. Toleo la pili lilikuwa la 2019 tu. Hapo hakuna mchezaji aliyeomba chochote, na mimi binafsi naona walifanya sawa.

Halafu DaduMbovu msinunue kwanza. Sheria za msingi za 2024 zipo bure, hati yake inaitwa SRD 5.2, ilitoka 2025, nayo ni Creative Commons. Pakueni, chezeni nayo vikao viwili vitatu mkiwa na visa vyenu vya 2014, vinaingiliana.

DaduMbovu
Duh kumbe ipo bure, napakua sasa hivi. Renja wetu atafurahi, kalalamika sana.

NaiRoller
Usimpe matumaini mingi buda. Wa 2024 wamemfunga kwa uchawi mmoja wa kuwekea mawindo alama, akitaka kufanya uchawi mwingine wa kushikilia akilini ule wa kwanza unakatika, na ukisoma vile vitu anapewa leveli za juu kadhaa zinaurudia huohuo. Mwambie asome kwanza.