Hivi ni mimi peke yangu ninayependa kuwaangalia tumbusi wakila mzoga?

mrina_mdogo (Tabora)
Wakuu habari za jioni, msinicheke kwanza. Mimi nakaa Tabora mjini ila mizinga yangu iko huko Sikonge ndani ndani, kila baada ya wiki mbili tatu napanda pikipiki naenda kuikagua. Sasa Jumamosi juzi kwenye saa nne asubuhi nikakuta ng'ombe kibudu pembeni ya njia, nadhani alibaki nyuma watu wakihamisha mifugo, na juu ya mti mmoja mkavu wametua tumbusi kumi na nne wamekaa kimya kama wazee wa baraza wanasubiri kesi iletwe. Nikazima pikipiki nikakaa kwenye kichuguu. Nimekaa pale mpaka saa saba na nusu. Mizinga sikuiona siku hiyo.

Yaani wakuu pale kuna utaratibu kuliko foleni ya benki. Wale wa kawaida wenye mgongo mweupe walishuka kwanza wakawa wanadonoa macho tu na chini ya mkia, ngozi ya ng'ombe imewashinda. Wanazunguka, wanapigana mabawa, hakuna kinachoeleweka. Mara akashuka mmoja mkubwaaa, kichwa hakina unyoya hata mmoja, ngozi ya wekundu wa nyama mbichi imejikunja pembeni kama masikio, wote wakampisha bila kuambiwa. Huyo akapasua ngozi kama fundi anachana jinzi. Akishapasua wale wengine shingo zote ndani, na hapo ndo nikaelewa kwa nini shingo zao ni ndefu na hazina manyoya ya maana, ungekuwa na manyoya marefu pale ungetoka umelowa damu mpaka mabegani. Pembeni kuna vingine vidogo vyembamba wala havigombani, vinaokota vipande vinavyoruka. Halafu korongo wale wa jalalani wawili wanatembea taratibu mikono nyuma kama mabwana afya.

Nimerudi nyumbani nimejaa stori, mke wangu kasema nenda kaoge kwanza. Mama mkwe ndo kamaliza kabisa, kasema ni nuksi, tumbusi akizunguka juu ya nyumba ujue kuna mtu ananuka kifo.

Sasa maswali yangu, kuna mwenzangu humu au ndo nimeshaharibikiwa? Pili ni kweli wanajua nani anakufa? Na tatu mbona tukiwa wadogo miaka ya tisini machinjioni walikuwa wanajaa mpaka paa halionekani na sasa hivi unapita hata mmoja humuoni?

boda_kaliua
Mkuu masaa matatu na nusu unaangalia ndege wanakula kibudu, mizinga nani anakagua? Nyuki wanakushangaa tu 😂😂
Ila hapo kwa korongo mikono nyuma umenimaliza.

mtoto_wa_mwalo (Kigoma)
Mrina usijali tuko wengi, ila wengi tunaficha.

La mama mkwe ngoja nilijibu kwa heshima, shikamoo yake. Wale hawazungukii mtu, wanazungukia hewa. Ardhi ikipata jua hewa ya moto inapanda, ndege mzito kama yule hawezi kupiga mabawa siku nzima atachoka, kwa hiyo anaingia kwenye ile hewa inayopanda anazunguka nayo kama ngazi mpaka juu kabisa halafu anateleza zake. Ndo maana hata wewe umewakuta saa nne bado wako mtini, asubuhi mapema hawana lifti. Na kunusa kifo hawanusi, tumbusi wa huku Afrika anategemea macho. Anaangalia chini na anaangalia wenzake, mmoja akishuka yule wa mbali anamuona anamfuata, na wa mbali zaidi naye hivyo hivyo, dakika chache wamejaa. Unajua walivyo wa juu? Mwaka 1973 kuna mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan kwenye futi 37,000. Hiyo ni zaidi ya kilomita 11, huko mimi na wewe tunazimia.

Sasa njoo Kigoma nikuonyeshe kituko. Sisi tuna tumbusi anayekula machikichi. Siongopi. Mweupe mwenye mabawa yenye weusi, kuzunguka macho ana ngozi ya rangi ya chungwa iliyoiva, kwa mbali ukiwa na haraka utasema ni furukombe. Anatua kwenye mchikichi anashika chikichi kwa mguu anamenya lile ganda lenye mafuta taratibu kabisa, na kaa na samaki waliokufa ufukweni anakula pia, mzoga akiukuta haukatai. Bibi yangu alikuwa anamfukuza kwa manati anasema anaiba mawese yake. Kwa hiyo mtu akikwambia tumbusi wote ni wala mizoga mwambie aje apande boti Kibirizi aelekee upande wa Gombe, atazame michikichi ya pembeni ya ziwa.

Na kwa vile nimetaja Gombe, Jane Goodall watu wanamjua kwa sokwe tu. Mwaka 1966 yeye na mumewe Hugo van Lawick ndo waliandika kuhusu yule tumbusi mdogo mweupe mwenye uso wa njano wa kule kaskazini, anaokota jiwe kwa mdomo analitupia yai la mbuni mpaka lipasuke. Ndege anatumia kifaa! Halafu sisi tunatukana watu wavivu "we tumbusi".

mama_kazeh
Nyie mnapenda kwa sababu hamkai karibu na dampo. Mimi nakaa. Hao makorongo yenu yanakaa juu ya mwembe wangu, chini hapapitiki, nguo siwezi kuanika, na miguu yao meupeee kumbe ni mavi yao wenyewe wanajinyea miguuni!! Nilimuona kwa macho yangu. Mtu mzima anajinyea miguuni halafu mnaniambia niappreciate?

mtoto_wa_mwalo
@mama_kazeh pole dada 😅 ila kujinyea kule ni akili, ule unyevunyevu ukikauka unapoza damu ya miguuni. Ni kama wewe kujimwagia maji jua kali. Na tumbusi wa kule Amerika nao wanafanya.

mama_kazeh
Mimi najimwagia MAJI.

dokta_wa_mifugo
Nimecheka peke yangu ofisini. Ngoja nijibu la tatu la mleta mada kwa sababu hilo ndo linaniuma.

Kwanza mjue kazi yao. Tumbo la tumbusi lina tindikali kali sana, vimelea vingi ambavyo vingetuua mimi na wewe vinaishia mle. Kundi likifika mapema ng'ombe mzima anabaki mifupa kabla mbwa na nzi hawajajipanga. Sio ruhusa ya kuacha vibudu ovyo jamani, hasa mnyama akifa ghafla na damu inatoka puani ambayo haigandi, hiyo inaweza kuwa kimeta, usichune, usipasue, usigawe nyama kwa majirani, piga simu kwa afisa mifugo wa kata.

Sasa muone wakikosekana inakuwaje. India walikuwa na tumbusi mamilioni, ng'ombe akifa anapelekwa nje ya kijiji wanamaliza. Miaka ya tisini wakaanza kudondoka tu kutoka mtini, aina tatu zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Watu walifikiri ugonjwa. Mwaka 2004 ndo ikajulikana ni diklofenaki, hiyo hiyo diklo mnayomeza mgongo ukiuma. Ng'ombe alichomwa sindano ya maumivu, akafa dawa ingali mwilini, tumbusi wakala, figo zikafa. Mwaka 2006 India, Nepal na Pakistan zikapiga marufuku ile ya mifugo, lakini walishaisha. Mizoga ikabaki, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na mbwa wakiongezeka mnajua kinachofuata, kichaa cha mbwa.

Huku kwetu diklo sio shida kubwa kama huko. Huku ni sumu. Mwaka 2015 aina nne za tumbusi wa Afrika ziliwekwa kwenye daraja la mwisho kabla ya kutoweka, akiwemo huyo huyo mwenye mgongo mweupe uliyemuita wa kawaida. Botswana mwaka 2019 walikufa tumbusi 537 kwenye mizoga mitatu tu ya tembo. Majangili wanaweka sumu kusudi, maana tumbusi wakizunguka askari wa wanyamapori wanajua mzoga uko wapi. Na sio majangili tu.

fisi_kanionea
Dokta hapo uliposema na sio majangili tu umenigusa, nimeandika nimefuta mara tatu.

Mimi mfugaji, sitasema kijiji. Miaka minne iliyopita fisi alikuwa ananimaliza, ndama watatu ndani ya mwezi mmoja, boma langu lilikuwa la miiba tu. Ndama wa tatu alibaki nusu. Jirani akaniambia mbona rahisi, akanipa dawa ya shambani nikamwagia kwenye ile nusu. Sikufikiri kitu kingine chochote, nilikuwa na hasira.

Asubuhi nikakuta fisi mmoja. Moja. Na tumbusi ishirini na tatu, nimewahesabu, wengine bado wanatetemeka wamekunja shingo, mmoja alijaribu kuruka akadondoka kwenye maji ya mifugo. Na mbwa wangu Simba niliyemlea toka kadogo yuko pembeni mdomo wazi. Mtoto wangu wa darasa la pili ndo alikuwa wa kwanza kufika pale, namshukuru Mungu hakushika kitu.

Niliwachoma na kuwafukia siku nzima peke yangu. Mpaka leo kule kwangu sijaona tumbusi. Ng'ombe akifa ananuka wiki mbili. Fisi wapo vile vile.

boda_kaliua
Duh.

dokta_wa_mifugo
Mzee asante kwa kusema, najua sio rahisi. Ndo ilivyo, mzoga mmoja unaita kundi la eneo zima. Na hawa sio kuku, jike anataga yai moja tu, analalia karibu miezi miwili, kinda linakaa kiotani miezi mingine minne, halafu mpaka nalo lije kuzaa ni miaka kama mitano. Hao 23 kurudi ni kazi ya mtoto wako akiwa mtu mzima, na hapo viota vyenyewe vinataka miti mirefu ambayo huku Tabora tunaikata kukaushia tumbaku.

Kwa wengine wenye shida ya fisi, boma ndo dawa. Miiba mizito iliyosukwa mpaka chini au waya, mlango usiwe na uwazi, ndama walale ndani kabisa. Ukikuta mzoga unaoshuku umewekwa sumu usiguse kwa mkono, zuia mbwa na watoto, toa taarifa kwa maliasili au kijijini. Na ukipata nafasi ya kuuteketeza fanya kama mzee hapo juu, uchomwe wote na ufukiwe chini sana.

fisi_kanionea
Boma nilishajenga la waya mwaka uliofuata. Sijapoteza ndama tena. Ingekuwa nilianza na hilo...

mrina_mdogo
Mzee wangu pole sana, na kwa Simba pole.

Nina jambo jingine limenitokea tangu niweke uzi huu. Kuna mtu kaniingia inbox, haniulizi ndege wala nini, anauliza pale nilipokaa ni wapi na kama naweza kumpatia VICHWA, anasema kuna mteja, mganga anatumia kwa watu wa kubeti, eti ukilala na kichwa cha tumbusi unaota namba. Akataja na hela. Nimemjibu angekuwa anaota namba asingekuwa ananitafuta mimi mrina asali kwa bando la kuungaunga.

boda_kaliua
😂😂😂 mwambie tumbusi mwenyewe kichwa anacho na hajawahi kushinda jackpot

dokta_wa_mifugo
Mrina usifute hiyo meseji, piga picha skrini. Kuua wanyamapori bila kibali ni kosa, na ndege wamo. Na mahali popote usipataje humu tena.

mrina_mdogo
Nimepiga dokta, nitaipeleka.

Jana nilipita tena pale, sasa hivi ni mifupa tu, myeupe, haina hata harufu, siafu wanapita katikati ya mbavu wanaendelea na safari zao. Nimeokota unyoya mmoja mrefu kuliko mkono wangu nikauangalia nikaurudisha. Juu wako watatu wanazunguka mbali sana, mama mkwe angesema wananipigia hesabu. Mizinga safari hii nimekagua, miwili imeingia nyuki.

@mtoto_wa_mwalo huyo wa machikichi anatua saa ngapi? Nataka nipande treni nije Kigoma baada ya kurina, na kama kuna mtu anauza darubini ya mtumba isiyo na ukungu aniambie.

mtoto_wa_mwalo
Asubuhi jua likishachomoza vizuri, na jioni kabla wavuvi hawajatoka. Darubini njoo tutatumia yangu, jicho moja limekufa ila lingine linaona. Lete asali.

mama_kazeh
Ukienda nibebee makorongo yangu yote.