Mawe, paneli au kontena: ipi itufae Mombasa?

Mkazi wa Kisauni: Ndugu zangu, nataka kujenga vyumba vinne vya kupangisha. Nimetajiwa mawe ya matumbawe tuliyoyazoea, paneli za povu zenye wavu wa chuma ambazo hupigwa plasta pande mbili, na makontena ya futi 20. Naomba ulinganisho wa aliyejenga, si wa muuzaji.

Fundi wa Likoni: Mwanangu, usilikimbilie kontena kwa sababu tu bandari ya Kilindini iko karibu. Upana wake wa nje ni mita 2.44; ukishaweka kizuia joto na mbao za ndani, kitanda cha futi tano kwa sita kikikingama, mtu hupita ubavu. Nililigeuza moja kuwa duka karibu na ufuo, na kabla ya kusi ya pili kutu ilikuwa imeanzia kwenye pembe zilizochomelewa, rangi ikibanduka kwa kidole.

Mhandisi, Nyali: Namuunga mkono mzee, ila kosa la kontena lisiharibu jina la ujenzi wote wa kiwandani. Paneli, ambazo Shirika la Nyumba la Taifa huzitengeneza Mavoko, karibu na Nairobi, hubebwa na watu wawili, huzuia joto na hazihitaji msingi mzito. Tatizo ni kwamba lori hujaa kabla halijaelemewa, kwa hiyo anayenunua peke yake husafirisha hewa kutoka bara. Tena mabomba na nyaya hupangwa kabla ya plasta, na plasta yenyewe isichanganywe kwa maji ya kisima chenye chumvi, maana wavu utaliwa na kutu ndani kwa ndani.

Mama wa Mtwapa: Mimi nilijenga kwa mawe, chumba baada ya chumba, kwa miaka sita, kila zamu yangu ya kupokea mchango wa chama ilipofika. Paneli zinataka fedha zote kwa mkupuo, nani atanikopesha?

Mhandisi, Nyali: Hapo mama umegusa penyewe. Ndiyo maana naona kaunti ingeanza na madarasa na zahanati, ambako ramani moja hurudiwa, oda huwa kubwa, na mafundi wetu hujifunza kazi kwa fedha za umma badala ya akiba ya mjane.

Mkazi wa Kisauni: Nimeelewa. Vyumba viwili vya chini nitavijenga kwa mawe, na msingi upimwe kwa ghorofa moja. Vya juu nitatafuta majirani wa kuagiza paneli pamoja. Mzee, Jumamosi utapata nafasi uje upime?