Kitako cha Lee-Enfield No. 4 Mk I (T): A au B, kipi cha asili?

MsasaSifuri: Wakuu, vitako viwili (mbao ya nyuma ya bunduki, inayokaa begani) vinauzwa, vyote vinadaiwa kuwa vya bunduki ya mdunguaji wa Uingereza ya Vita Kuu ya Pili.
A: mbao ya walnati, imejaa makovu, chini ya shingo (sehemu nyembamba unayoshika) imegongwa S51, juu ya shingo kuna namba tatu, mbili zimepigwa mstari.
B: mbao ya biichi, safi, namba moja tu juu, chini hakuna chapa, kipande cha shavu (mbao ya kuegemeza shavu) kinang'aa. Bei ya B iko juu. Kipi?

Mpimambao: A. S51 ni alama ya Holland & Holland, watengenezaji bunduki wa London, waliopelekewa bunduki zilizoonekana kulenga vizuri kiwandani wakazifunga darubini. Hizo namba za juu ya shingo ni za darubini No. 32, si za bunduki. Darubini ikibadilishwa, fundi wa jeshi aliikata namba ya zamani akagonga mpya. Mistari hiyo inayokutia wasiwasi ndiyo inayonipa imani; mghushi hupenda namba moja iliyonyooka.
B ni biichi, achana nayo.

Kigogo_303: Mpimambao, hapo kwenye biichi sikubaliani. Wakati wa vita walitumia walnati, biichi na hata betula, kwa hiyo aina ya mti haihukumu. Kukosekana kwa S51 nako hakutoshi: za kiwanda cha Long Branch, Kanada, zilifungwa darubini kwao, na msasa unaifuta chapa kirahisi. Kagua mbao inapokutana na chuma. Ya asili huwa imeinuka kidogo kuliko bamba la kitako; ikiwa imezama chini ya chuma, imesagwa.

Mpimambao: Nakubali, nilienda haraka. Basi fungua kipande cha shavu, kimeshikwa na skrubu mbili za mbao. Zikiwa na kichwa cha msalaba, maliza mazungumzo. Ndani ya matundu ya zamani mbao imelowa mafuta na kuwa nyeusi. Tundu jipya lina nyuzi nyeupe. Chini ya kipande, mbao haijashikwa na jasho la mikono, kwa hiyo mpaka wa rangi unaonekana. Rangi ikiwa moja kote, kipande kimewekwa juzi.

Fundi_Bolti: Kama kitako bado kiko kwenye bunduki, hakikisha chemba ni tupu, kisha fungua skrubu mbili za bamba la nyuma na uingize bisibisi ndefu ya bapa hadi kwenye bolti inayoshika kitako. Kwa SMLE No. 1 (Lee-Enfield ya kabla ya No. 4) toa mbao ya mbele KWANZA: ncha ya mraba ya bolti imekaa kwenye kibamba ndani ya mbao hiyo, ukizungusha unaipasua. Kwenye No. 4 kuitoa kwanza hakuna hasara.

Kigogo_303: Na kitako peke yake hakithibitishi chochote. Bunduki iwe na chapa ya T ubavuni kushoto, chapa ya TR kwenye soketi ya kitako (chuma kinachopokea shingo), namba ya bunduki irudiwe kwenye kishikio cha darubini, na namba ya mwisho ya shingoni ilingane na darubini. Bila hivyo unanunua kipande cha mbao chenye historia.

Tula43: Kwa wa Mosin 91/30 PU (bunduki ya mdunguaji ya Kisovieti yenye darubini ya PU): hakuna kipande cha shavu, tazama mkato wa upande wa kushoto mbao inapopisha msingi wa darubini. Kingo kali zenye mbao mbichi ndani, huku nje kumepakwa sheliki ya zamani, ni kazi ya patasi ya juzi.

MsasaSifuri: Shukrani. B ina herufi B juu, karibu na bamba. Ni ya biichi?

Fundi_Bolti: Hapana, ni urefu: L mrefu, S mfupi, B mfupi zaidi, umepungua inchi moja (milimita 25 hivi) kuliko wa kawaida. Jicho litakaa karibu mno na darubini. Ukichukua A, usipake vanishi. Paka mafuta mabichi ya kitani kwa kitambaa, kidogo kidogo, na chapa usiziguse kabisa.