Kikundi cha walio hatarini kupata kisukari: wiki ya sita wanabaki nusu. Tunakosea wapi?

Mhudumu_Tanga: Wakuu, tuna kikundi cha watu 24, miaka 40 kwenda juu. Sukari ya kufunga (ya asubuhi kabla ya kula) ni 6.1 hadi 6.9 mmol/L, wengi wana kitambi. Kila Jumamosi tunafundisha lishe na mazoezi. Mwanzoni wanajaa, wiki ya sita wanabaki nusu, na kilo hazishuki.

KipimoKwanza: Umetaja masomo, hujataja lengo wala daftari. Utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari (watu 3,234, matokeo yake yalitoka 2002) uliwapa watu malengo mawili tu: kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kutembea au mazoezi mengine kama hayo dakika 150 kwa wiki. Hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Kwa waliomeza metformin, dawa ya kisukari, ilishuka kwa 31. Na yale masomo 16 ya mwanzo kila mtu alikaa peke yake na mwelekezaji. Hotuba kwa watu 24 haifiki huko, kwa hiyo wagawe wanane wanane.

Mwenye kilo 80 mwandikie 5.6 za kupunguza, daftarini mwake. Mpime kabla ya somo, mzani ukae juu ya saruji, avue viatu, na namba aione yeye na wewe tu. Akitangaziwa kilo zake mbele ya majirani harudi, hasa akiwa ameongezeka.

"Punguza wanga" haimsaidii mpishi. Mwambie nusu ya sahani iwe mboga, robo ugali au wali, robo maharage au samaki. Mafuta yapimwe kwa kijiko cha chakula, maana kimoja kina takriban kalori 120 na anayemimina kutoka kwenye dumu hajui ametia vingapi. Vikombe viwili vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vidogo, ni gramu 24 za sukari. Aanze kwa kuondoa kijiko kimoja kila kikombe.

Sr_Kliniki: Naongeza usalama. Akiwemo mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide (kidonge cha kushusha sukari), asitembee na njaa, na awe na glukosi au sukari mfukoni. Presha ikiwa 180/110 au zaidi, rudia kupima baada ya mapumziko. Ikibaki hapo, hakuna mazoezi, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Angalieni na mkanda wa mashine ya presha: mdogo kwenye mkono mnene unatoa namba ya juu isiyo ya kweli.

Mhudumu_Tanga: Ahsanteni sana. Na masomo yakiisha?

KipimoKwanza: Msiyakate ghafla, kilo hurudi. Baada ya masomo 16 ya kila wiki, kutaneni kila baada ya wiki mbili, halafu kila mwezi hadi mwaka utimie. Asiyefika apigiwe simu siku ileile, kabla aibu haijamzuia kurudi. Huko Tanga pangeni na Ramadhani mapema: matembezi yawe baada ya futari, na kaimati zihesabiwe daftarini kama chakula kingine chochote.