Naomba ushauri: neno la kueleza mto Dnipro pale Stari Kodaky

Habari zenu wakuu. Naandika makala kuhusu Stari Kodaky, kijiji kidogo kando ya mto Dnipro, Ukraine. Historia si tatizo: Wapolandi walijenga ngome hapo 1635, Wakosaki (wapiganaji huru wa Ukraine) wakiongozwa na Ivan Sulyma wakaiteka mwaka huohuo, ikajengwa upya 1639. Inaniuma kwamba machimbo ya mawe yameila sehemu kubwa ya ngome hiyo.

Nimekwama kwenye jiografia. Hapo ndipo mto ulianza kupita kwa kasi juu ya miamba, hadi bwawa la umeme la Zaporizhzhia lilipokamilika 1932 na maji yakaifunika. Niliandika "maporomoko", lakini msomaji atawaza maji yanayoanguka kutoka juu. "Mikondo mikali" nayo haionyeshi miamba. Ninyi mngetumia neno gani?